Ndengu Zilizotafuta Uraia

Tangu serikali yetu isaini mkataba na nchi moja ya ng'ambo, kwamba ndengu zilizolimwa Kenya zitaingia kwao bila ushuru, ndengu za nchi jirani nazo zikaanza kuvuka mpaka kwa malori, zikitafuta uraia. Watu wa Kitui walicheka. Kalunde, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa Kwa Vonza, hakucheka. Wanunuzi walikuwa wamesema wazi: wakikuta ndengu ngeni hata kwenye gunia moja, kikundi kizima kinafutwa.

Magunia yalipakiwa jioni. Asubuhi, kabla lori halijaondoka, Kalunde alipanda juu, akafungua gunia moja na kutia mkono. Ndengu nono, zinang'aa kama zimepakwa mafuta.

"Bishar! Hizi umetoa wapi?"

Bishar, Msomali mwenye lori, alichungulia. "Ni za kwenu, mama. Si jina lako ndilo limeandikwa hapo?"

"Zangu ni ndogo, zilikosa mvua. Hizi zimekunywa maji kuliko mimi!"

"Labda zilifanyiwa maombi kanisani."

"Usinichezee. Lori lililala kwako."

"Mbuzi akipotea hapa, ni Bishar. Sukari ikipanda, ni Bishar. Sasa hata ndengu ikinenepa?" Kicheko kikamkauka. "Wakinishika bandarini na mzigo wa uongo, lori langu linabaki huko. Mimi nitachanganya kwa nini?"

Kalunde hakumwamini. Alikuwa anatafuta simu amwite chifu, ndipo dada yake Katunge akatokea na chupa ya chai. Alikuwa ametoka Makueni jana yake kuja kumsaidia kushona magunia.

"Umeona, mwiitu wa mwaitu, binti wa mama yangu, vile nilikuondolea aibu?" Katunge alisema kwa furaha. "Gunia lako lilikuwa limelegea mdomo kama mzee asiye na meno. Nikalijaza."

Kwa Katunge, nani angeshona gunia la dada yake likiwa nusu? Majirani wangemsema mpaka mvua nyingine.

"Ulijaza na nini?" Kalunde aliuliza polepole.

"Si zile nilikuja nazo! Nilinunua pale Kiboko, kwa lori moja. Dereva ana Kiswahili kitamu, cha Tanzania kabisa."

Bishar alicheka mpaka akashika mlango wa lori. Halafu akageukia magunia yaliyobaki. "Mama," akasema, "haya mengine nayo yalishonwa na nani?"

Kalunde akawageukia wenzake wa kikundi, waliokuja kuliaga lori. Kila mmoja alikuwa amesaidiwa kushona na dada, shangazi au wifi mwenye huruma. Sasa wote walikuwa wanaangalia viatu vyao.

"Shusha langu," Kalunde alisema. "Kisha tufungue yote. Moja moja."

Nduku, yule ambaye kila mkutano ndiye wa kwanza kudai uwazi, alipanda kwenye lori, akalikalia gunia lake, akatengeneza leso vizuri, akasema leo miguu inamuuma sana.