Mnyororo wa Nyaberi

Kipchirchir alikuja jikoni kwangu Ijumaa jioni, akakaa kwenye kigoda cha kukamulia ng'ombe, akaacha chai ipoe. Mtu wa Kimulot akiacha chai ipoe, ujue kuna msiba.

Yeye ni kontrakta, lakini usifikirie tai na gari kubwa. Ana gumboots, mashine moja ya kukoroga konkrit, na simu ambayo ikilia anaiangalia kwanza ndipo aamue kama yuko hai. Kaunti ilimpa kazi ya kujenga wodi ya akina mama kujifungulia, kule juu kilimani penye zahanati. Alichimba msingi, akaujenga, akapeleka karatasi za malipo. Akaambiwa arudi kesho. Kesho ya ofisi ile imezeeka kunishinda mimi.

Mimi ndiye niliyekuwa nikiwapikia wajenzi wake kwa deni, na nyama nilikuwa nimeipunguza sufuriani mpaka ikabaki harufu tu.

Siku hiyo alikuwa na habari mbili. Injinia wa kaunti anakuja Jumanne kupima kazi. Akikuta slab, ile sakafu ya konkrit, haijamwagwa, pesa inarudi serikalini, maana mwaka wa serikali unaisha Juni. Na Nyaberi wa hardware, aliyemkopesha simiti na kokoto, amechoka kungoja. Jumatatu anakuja kuchukua mashine.

"Na vibarua?" nikamuuliza.

"Wameenda, Kogo. Siwezi kuwalaumu."

Kogo ni nyanya kwa Kikipsigis. Ananiita hivyo ingawa mimi ni Mongina, Mkisii, niliyehamia hapa meno yangu yakiwa yote.

Sasa, slab haimwagwi kidogo kidogo. Ukianza asubuhi, lazima umalize siku hiyo hiyo, la sivyo inashikana vipande vipande na injinia anaikataa. Na Juni lori halipandi kile kilima, matope yanalimeza. Mashine inakaa chini barabarani, konkrit inapandishwa kwa karai. Hiyo ni kazi ya kijiji kizima, na yeye hakuwa na pesa ya kulipa hata mtu mmoja.

Nikamwambia anywe chai, akalale, Jumatatu alfajiri awashe mashine. Akauliza mimi nitafanya nini. Nikasema nitaenda kanisani. Huo haukuwa uongo. Uongo niliuweka akiba.

Kwetu kuna kanisa la Jumamosi, wengi wao Wakisii kama mimi, na kanisa la Jumapili, la Wakipsigis. Kwaya zao hazijawahi kukubaliana ipi inajua kuimba. Jumamosi nikafunga leso safi, nikaketi na akina mama, nikasema kwa huzuni kwamba kwaya ya Jumapili itapandisha konkrit ya wodi peke yake, na imesema sisi tusijisumbue, mikono yetu ni ya kumenya ndizi. Kesho yake nikamfuata Chepkosgei, mkubwa wa kwaya ya Jumapili, nikamweleza hayo hayo kuhusu kwaya ya Jumamosi, ila ndizi nikazigeuza zikawa kibuyu cha mursik, yale maziwa yao ya kuganda. Akasema amesikia.

Jumatatu ukungu ulikuwa umelala juu ya majani chai hata mkono wako huuoni. Kipchirchir akawasha mashine. Tulikuwa yeye, mkewe Priscah, na mimi. Mashine ikanguruma, kokoto ikazunguka, na hakuna aliyekuja. Kipchirchir hakuniangalia. Hapo ndipo nilipoanza kuomba kweli kweli.

Kisha ukungu ukapasuka, nikawaona.

Hawakuja kwa barabara. Walitokea katikati ya majani chai, kwenye vijia vya kuchumia, kutoka kila upande wa bonde, na aproni zao za plastiki na karai vichwani. Kimya. Kilima chote kilikuwa kinatembea. Wakajipanga kutoka kwenye mashine hadi juu zahanati, wa Jumamosi akifuatwa na wa Jumapili, hakuna aliyewapanga. Karai ya kwanza ikapita, mkono kwa mkono. Ile mikono ya kuchuma majani mawili na kichipukizi haikumwaga tone. Mtu akaanza wimbo huku chini, ukaitikiwa kule juu kwa lugha nyingine, na ukaingiana.

Mimi nina mzaha hata kwenye matanga. Siku hiyo ulinikauka mdomoni.

Nyaberi akafika na pikapu, mnyororo wa kuvutia mashine begani. Akasimama. Nikamsogelea.

"Nyaberi mwanangu, zima tu. Lakini slab itashikana nusu, injinia ataikataa, na hiyo simiti iliyoko juu ni yako."

Nafikiri hata hakunisikia, alikuwa ametazama kilima mdomo wazi. Akaweka mnyororo kwenye nyasi, akakunja suruali, akaingia kwenye mstari.

Jua lilipozama, slab ilikuwa imelala laini kama maziwa yaliyoganda. Chepkosgei akaja kuketi karibu nami, simiti imemkauka mpaka kwenye nyusi.

"Mongina, ulidhani tumekuja kwa ajili ya mursik?"

Nikajifanya nakung'uta leso.

"Binti yangu alijifungulia kwenye pikipiki, mvuani. Hawa wote wana binti. Tulishapigiana simu na watu wenu Jumamosi jioni. Tungekuja hata ukinyamaza." Akacheka kidogo. "Lakini ulidanganya vizuri, tukaona tusikukatize."

Jumanne injinia alikanyaga, akagonga kwa kisigino, akaandika. Pesa iliingia baadaye, ikichechemea. Nyaberi alilipwa, vibarua wakalipwa, na mimi nikawa wa mwisho kama kawaida ya mpishi. Mashine bado ni ya Kipchirchir. Mnyororo Nyaberi hajaurudia, nimefungia ndama.

Wodi sasa ina paa. Nikiingia kumwona mzazi, huvua viatu mlangoni kabla ya kukanyaga ile slab. Manesi wanadhani ni adabu ya wazee, na mimi nawaacha.