Vali Moja ya Chumba cha Kompresa

Saa sita na robo mchana wanawake kumi na wanne wanaochuna minofu ya sangara walivua glavu, wakaingia chumba cha kompresa na hotpoti zao. Ukumbi wa minofu una barafu; chumba hiki kina joto. Hairuhusiwi kuingia, nao wameingia kila siku kwa miaka sita.

Shimba, injinia mpya wa kiwanda, alikuwa amewaona. Hata hivyo wiki hiyo alijaza fomu ya kuchagua kiwango cha usalama cha mfumo unaofunga amonia, gesi ya sumu inayogandisha samaki, ikivuja. Kama watu wapo chumbani, kiwango ni cha pili: vali mbili, moja ikigoma nyingine ifunge. Kama hawapo, ni cha kwanza: vali moja.

"Wanaruhusiwa kuingia?" aliuliza meneja, Obedi.

"Hapana."

"Basi hawapo. Andika, bwana mdogo, tuwahi ukaguzi."

Shimba akaandika kwamba hawapo. Akasaini.

Jumatatu iliyofuata wanawake walianza kupitisha mwanga kama kioo, kwanza vidole, kisha mabega. Alhamisi Shimba alisoma geji ya presha ukutani kupitia mgongo wa Aluoch, mmoja wao, aliyekuwa anakula dagaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nisogee?"

"Usisumbuke, naiona."

"Ndiyo maana nasikia kutekenywa mbavuni."

Wenzake wakacheka. Modesta wa Kiseke akasema afadhali, siku hizi mumewe hamfukuzi tena mbele ya televisheni; anaangalia mpira kupitia kwake.

Shimba hakucheka. Alipeleka fomu mpya kwa Obedi.

"Bosi, watu wapo. Kumi na wanne. Gesi ikitoka, hawafiki mlangoni."

Obedi alienda mwenyewe hadi mlangoni, akachungulia. Aliona mabomba, na hotpoti kumi na nne sakafuni.

"Sioni mtu," alisema, wala hakuwa anadanganya.

Ijumaa mafundi waliweka vali moja tu.

Tangu hapo Shimba hula chakula cha mchana chumbani humo, pamoja nao. Kila siku huinua mkono wake kwenye taa na kusubiri. Mkono hubaki mkono, na kivuli chake huanguka ukutani peke yake.

"Wewe hutaweza, mwanangu," Aluoch alimwambia. "Wewe umeandikwa pale chini ya fomu, kwenye sahihi. Kula, ugali unapoa."

Shimba akala. Kupitia miili kumi na minne, ile vali ilionekana vizuri sana.