Mchambua Chai wa Yiti

"Umempa nani tena?" Lamya aliuliza, sauti imeshampanda.

Mamake, Bi Mahbuba, hata hakugeuka. "Mgeni akisifu kitu, nnampa. Nifanyeje, nimzibe mdomo?"

Ya Rabbi! Picha kumi na mbili za rangi za maji, ambazo Wachina wa Kantoni waliwachorea Wazungu wapeleke kwao ukumbusho: chai tangu inapandwa hadi inatiwa masandukuni. Babu alizinunua mnadani Unguja, zikaja Maskati bila kupotea hata moja. Sasa Ibtihal wa makumbusho anazitaka kwa maonyesho, jina la babu chini yake, na kasema wazi: zote au basi. Na mama mtu anazigawa kama haluwa ya Idi!

Lamya alizunguka Matrah, akenda Sidab, anadai zawadi za watu huku amekufa kwa aibu. Mmoja ameipiga pasi yake inyooke, karatasi isiyostahimili hata jasho la kidole! Lakini kumi na moja akazipata.

Ya saba, mwanamke anayechambua majani ya chai, ilikuwa kijijini Yiti kwa Bi Sayyida, shoga wa mamake. Aliikuta ukutani, mkabala na kitanda.

"Mashallah, picha nzuri hiyo!" Lamya alisema, akijua mila: kinachosifiwa hutolewa.

"Ahsante, mwanangu," Bi Sayyida alijibu, akammiminia kahawa.

Akasifu tena. Akasifu fremu. Akasifu ukuta! Alaa, bibi huyu hasikii? Uvumilivu ukamwisha. "Bi Sayyida, nimekuja kuichukua. Bila hiyo makumbusho hawazitaki."

Bi Sayyida aliweka kikombe chini. "Mume wangu alipofariki, mamako alikuja kunihani. Akaniachia huyu, akanambia, 'Mwenzio wa eda.' Miezi minne na siku kumi sikutoka, nnazungumza naye. Wewe uliniletea ujumbe wa simu." Akainuka, akaishusha. "Lakini umeisifu. Chukua."

Lamya aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Aliirudisha msumarini kwa mikono miwili, akatoka barazani kumpigia Ibtihal.

"Zipo kumi na moja."

"Na ya saba?"

"Ina mwenyewe."

"Basi haiwezekani, Lamya."

"Najua," alisema, akakata simu. Kisha akavua viatu upya, akaingia ndani kumhani Bi Sayyida, amechelewa mwaka mzima.