Debe la Tatu

Mwaka huo mvua zilikatika mwezi wa pili, mahindi yakiwa hayajatoa hata mbelewele, na ilipofika Septemba bwawa lililokuwa likiupa mji wa Tabora maji lilikuwa limebaki tope lililopasukapasuka na kidimbwi katikati. Serikali ikatoa amri: kila nyumba madebe mawili kwa siku, na bomba la mtaa lifunguliwe asubuhi peke yake. Atakayekutwa anafulia bombani, au anachota zaidi ya haki yake, apelekwe barazani.

Katika mtaa mmoja wa upande wa stesheni, kazi ya kusimamia bomba alipewa Ambrosi. Alikuwa amepigana Burma, akarudi na cheo cha koplo, koti la jeshi lenye vifungo vya shaba, na filimbi. Watu walimwita Koplo, naye aliitikia jina hilo haraka kuliko lile la ubatizo. Mwanzoni walimsifu. Kabla yake wanawake walikuwa wakivutana kanga na kuvunjiana mitungi. Yeye alipuliza filimbi, akawapanga foleni, na kila mtu akapata chake. "Bila Koplo tungeuana," walisema, na ilikuwa kweli.

Marcelina, ambaye majirani walimwita Mama Flavia kwa jina la binti yake wa kwanza, hakuwa na neno naye hadi wageni walipofika. Mumewe Dionis alikuwa kibarua wa kutengeneza njia ya reli, akilala kambini huko porini na kurudi nyumbani mwisho wa mwezi. Walikuwa na watoto wanne. Mwezi wa nane Marcelina akaletewa mama mkwe wake, Mama Masolwa, kutoka Choma, pamoja na wajukuu wawili. Huko ng'ombe walikuwa wanaanguka njiani wakienda kunywa, na Masolwa, kaka yake Dionis, alikuwa amewaswaga waliobaki kutafuta malisho kusikojulikana. Nyumba ya vyumba viwili ikawa na watu wanane.

"Koplo," Marcelina alisema asubuhi moja, akiwa ameshika ngata yake mkononi, "sisi kwangu tuko wanane. Jirani yangu Nassibu na mkewe wako wawili. Wewe na mkeo mko wawili. Sote madebe mawili. Hii ni haki gani?"

"Amri imesema nyumba," Koplo alijibu. "Haikusema matumbo."

Foleni ikacheka. Nyuma yake mwanamke mmoja alisema, bila hata kushusha sauti, "Kwani nani alimtuma kukusanya watu wa Choma?" Na mwingine akaitikia, "Watakunywa wao, tutakufa sisi." Marcelina aligeuka awaone ni akina nani. Wote walikuwa wakitazama bomba.

Alirudi nyumbani na madebe yake mawili, akapima: ya uji, ya ugali, ya kunywa. Watoto waliacha kuoga. Vyombo vilisuguliwa kwa majivu. Maji ya kunawia yalikusanywa kwenye beseni yakatumika tena mpaka yakawa mazito. Wakaweza hivyo kwa muda. Halafu tumbo la Mama Masolwa likaanza kuendesha.

Bibi yule alikuwa mtu wa usafi. Kwake Choma alikuwa akifagia uwanja kabla jogoo hajawika, na hakula bila kunawa hata kwa dharura. Sasa alilala chumba cha ndani juu ya shuka ambayo haikuweza kufuliwa, na alipoomba maji alipewa kikombe nusu, naye akakirudisha akisema, "Wape watoto, mwanangu." Alikuwa na haya. Marcelina alipoingia kumgeuza alifunika uso kwa kanga yake. Marcelina akatoka ukumbini, akasimama pale amekunja ngumi, akitafuta wa kumpiga.

Nyumba ya pili alikaa Sikuzani, mke wa Nassibu mfua bati. Mke huyu na Marcelina walikuwa wamepakana ukuta miaka mingi. Wakati wa Krismasi Sikuzani alikula kwa Marcelina, na wakati wa Idi Marcelina alikula kwa Sikuzani; watoto wa Marcelina walikuwa wakilala upande wowote walikoshikwa na usingizi. Sikuzani aliposikia habari za mgonjwa alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni, akashika pua, kisha akaona haya akaiachia.

"Mama Flavia, hii haiwezekani," alisema. "Kesho chota debe moja katika fungu langu. Sisi wawili moja linatutosha. Mwambie Koplo mimi ndiye niliyekupa."

"Umesema kweli, dada?"

"Nimesema. Mbele ya Mungu."

Kesho yake Marcelina alikwenda bombani na madebe matatu, akisaidiwa na Flavia. Aliyajaza mawili, na alipoliweka la tatu chini ya bomba Koplo akapuliza filimbi.

"Hilo la nani?"

"La Sikuzani. Amenigawia. Nina mgonjwa ndani, Koplo, anaendesha, na sina maji ya kumwosha."

Debe lilikuwa likijaa. Koplo alifunga bomba, akaangaza foleni. Sikuzani alikuwa pale, mtu wa nne au wa tano, debe lake kichwani.

"Sikuzani! Umemgawia huyu maji yako?"

Koplo akaongeza, polepole, kama mtu anayefundisha, "Maana mwenye maji ya kugawa ni mtu aliyezidishiwa. Nitaagiza fungu lake lipunguzwe."

Sikuzani alimtazama Marcelina, akamtazama Koplo. Akalishusha debe lake akalishika kifuani.

"Mimi sijui habari hizo," alisema.

Marcelina alidhani hakusikia vizuri. "Sikuzani?"

"Sijui, Mama Flavia. Usiniingize."

Koplo aliinua mguu, akalisukuma lile debe kwa kiatu. Lilianguka taratibu kwanza, halafu kwa kishindo, na maji yakakimbia mchangani yakanyweka papo hapo. Watu waliruka pembeni wasilowe miguu. Katika mji ambao watu walilamba jasho, mtu alikuwa amemwaga debe zima la maji ili kuwafundisha watu wasipoteze maji, na waliokuwa pale wakatazama pengine.

"Ambrosi," Marcelina alisema. Hakumwita Koplo. "Umemwaga maji ya mgonjwa."

"Nimemwaga maji ya wizi. Nenda, au ninakupeleka barazani."

"Nyinyi!" Aliwageukia wale wanawake, sauti ikimpasuka. "Mmekatwa ndimi? Wewe uliyejifungulia mikononi mwangu! Wewe niliyekulea mtoto ulipolazwa! Hamna hata wa kusema acha?"

"Lakini sheria ni sheria, mama," mmoja alinong'ona.

Marcelina alimpandisha Flavia debe moja kichwani, akajitwisha la pili, akaliacha la tatu pale pale limelala ubavu.

Siku ile hakupika. Maji yote aliyatumia kwa mgonjwa, na watoto wakala mihogo mikavu wakanyamaza kwa kumwogopa mama yao. Lakini bibi alikuwa amekwisha kukauka. Macho yalimdidimia, ngozi ya mkono ukiivuta ilibaki imesimama. Marcelina alituma habari stesheni ili Dionis aitwe. Dionis alipofika kwa garimoshi la mizigo, kesho kutwa yake mchana, alimkuta mama yake bado anamtambua. Mama Masolwa alisema naye Kinyamwezi maneno machache, akataka kujua kama ng'ombe wamepata maji, akafa kabla ya saa kumi.

Je, debe lile lingemwokoa? Marcelina hakujua. Baadaye watu walimwambia kwamba kwa umri ule na ugonjwa ule asingepona hata kwa mto mzima. Huenda. Lakini angekufa akiwa safi.

Kilio kilipopigwa, mtaa ukaja. Na walikuja na maji! Kila mwanamke alikuwa na chochote: kibuyu, birika, ndoo nusu, mtungi uliofunikwa kwa kawa. Ndiyo desturi, maiti haioshwi kwa maji ya nyumba moja. Waliingia wamejifunga kanga kiunoni, wakilia, wakiviweka vyombo vyao mmoja mmoja ukumbini. Sikuzani alileta ndoo nzima.

Marcelina alitoka chumbani, akavitazama vile vyombo.

"Haya yametoka wapi?" aliuliza.

"Ni ya kumwosha bibi," alijibu Sikuzani, machozi yakimtoka.

"Nimeuliza yametoka wapi. Juzi hayakuwapo. Juzi niliomba debe moja, mkatazama ardhi. Leo hawezi kunywa, hawezi kusikia kiu, mmemletea maji ya kuogelea. Chukueni! Kila mtu achukue chake atoke!"

"Mama Flavia," Dionis alisema kutoka mlangoni. Alikuwa mtu mpole, mwenye kuogopa macho ya watu. "Ni msiba. Tumwachie Mungu."

"Wewe ulikuwa kambini! Huwajui hawa. Mimi ndiye ninayewajua."

Wengine walianza kuokota vyombo vyao kwa hasira, wakisema kwamba hawajaona mfiwa wa namna hii. Wakati huo akaingia Apolinaria, mke wa Koplo. Hakuleta chochote. Alikuwa mwanamke mkimya, ambaye watu walimjua zaidi kwa mgongo wake, akienda kanisani nyuma ya mumewe. Alisimama katikati ya ukumbi mikono mitupu.

"Mimi sikubeba maji," alisema, "kwa sababu ni mengi, siyawezi peke yangu. Kwetu nyuma ya jiko kuna pipa. Limefunikwa kwa magunia. Limejaa. Mume wangu hulijaza bomba likishafungwa."

Mtu mmoja alishusha pumzi kwa nguvu.

"Msishtuke hivyo," Apolinaria aliendelea, sauti yake ikitetemeka lakini haikukatika. "Wengine hapa mnalijua. Mmekuja kwa mlango wa uani na mabirika yenu. Wewe umekuja. Na wewe. Sikuzani, nawe umekuja."

Sikuzani akafunika uso.

Nassibu, mumewe, aliyekuwa amekaa nje na wanaume, alikuwa amesikia yote dirishani. Aliingia amesimamisha mishipa ya shingo. "Unakwenda kuchota kwa Koplo?" alimwuliza mkewe. "Ndiyo maana ulimkana mwenzako? Kwa birika la maji?" Hakungoja jibu. Alitoka akaita wanaume, nao wakaenda, na Marcelina akaenda mbele yao, kichwa wazi, kanga imemdondoka begani.

Koplo alikuwa amekaa barazani kwake na koti lake la jeshi, jua kali namna ile. Alipouona umati alisimama akapeleka filimbi mdomoni. Marcelina alimnyang'anya, akaitupa juu ya paa la bati, ikabiringika hadi kwenye mfereji ikanasa. Kisha akamzaba kofi. Watu wanasema lilisikika nyumba ya tatu.

"Hilo la mama mkwe wangu," alisema. "La kwangu bado."

Dionis ndiye aliyemshika. Wanaume walilikuta pipa, wakaondoa magunia. Maji yalikuwa maangavu, hayana hata mdudu. Walilibiringisha? Hapana, lingemwagika, walichota kwa ndoo, wakapokezana mkono kwa mkono mpaka nyumba ya msiba, na kwa maji hayo Mama Masolwa akaoshwa. Marcelina alimwosha mwenyewe, na aliyemshikia kichwa alikuwa Apolinaria. Jioni walimzika.

Kesi ilipofika barazani, jumbe wa mtaa, mzee Mayala, aliwasikiliza Ambrosi na Marcelina. Alimwondoa Ambrosi kwenye bomba na kumpeleka mbele kwa wakubwa wake kwa kosa la kuiba maji ya watu. Alimwuliza Marcelina kama anatubu kumpiga mtu aliyewekwa na serikali.

"Sitatubu, jumbe. Nifunge."

Mzee Mayala alikuna kidevu. Akasema hajasikia alichosema mama huyu, na kwamba kuanzia kesho maji yagawiwe kwa vichwa vya watu. Akaagiza Nassibu asimamie, naye Nassibu akakataa mara mbili kabla ya kukubali.

Apolinaria hakurudi kwa mumewe. Alikuwa na kaka yake huko Kigwa, mkulima, na asubuhi ya garimoshi Marcelina alimsindikiza stesheni akiwa amembebea mzigo wake. Treni ilipopiga honi Marcelina alisema, "Umepoteza nyumba kwa ajili yetu." Apolinaria akajibu, "Ile haikuwa nyumba, Mama Flavia. Nilikuwa nikilala nasikia watoto wako wanalia kiu."

Mvua ilikuja mwishoni mwa Novemba, mchana, kwa upepo na vumbi kwanza. Mtaa mzima ulitoka nje na masufuria. Wale wanawake wa foleni walirudia kumsalimu Marcelina kama kwamba hakuna lililotokea, naye alijibu salamu, kwa kuwa salamu hainyimwi mtu, lakini hakusimama kuuliza habari za nyumbani.

Sikuzani alikuja amelowa, akasimama palepale mlangoni aliposimama siku ile ya kwanza.

"Nilimwogopa," alisema. "Niliogopa kukosa lile birika. Sina la kujitetea, dada."

Marcelina alikuwa akikamua kanga. Aliendelea kukamua mpaka maji yalipokwisha kutoka.

"Uliulizwa neno moja tu," alisema. "Nami nilikuwa nakutazama."

"Najua."

"Watoto waache waje kwako kama walivyozoea, sijawagombanisha na mtu. Lakini mimi bado nina hasira, Sikuzani, na sijui zitakwisha lini. Usinihimize."

Sikuzani aliitikia kwa kichwa, akajifunika kanga yake, akarudi mvuani.