Mafuta ya Cherehani Kwenye Magurudumu ya Roboti

Mama mmoja, fundi cherehani, alikuwa na binti wa sekondari, na binti huyo alikuwa na roboti. Haikuwa yake peke yake, ilikuwa ya timu ya shule, lakini kwa jinsi alivyoizungumzia nyumbani ungedhani ameizaa. Kazi ya roboti hiyo ilikuwa kuokota mipira ya sponji ya manjano na kuirusha ndani ya kapu refu. Kila mpira ulipita katikati ya magurudumu mawili ya raba yanayozunguka kwa kasi. Yanaubana, kisha yanautema.

Siku ya mashindano fundi alifunga duka, akaenda kumtazama mwanawe. Mechi mbili za kwanza mipira iliingia kapuni bila shida. Katika ya tatu mipira ikaanza kuanguka nusu ya njia. Wasichana wa timu wakakaa chini kuutafuta ugonjwa. Wakabadilisha betri, wapi. Wakaongeza kasi kwenye kompyuta, wapi. Ndipo binti akapitisha kidole juu ya raba, akaikuta imeota ngozi ya manjano, laini, inang'aa kama kucha iliyopakwa rangi. Sponji ilikuwa ikimomonyoka kila mpira ulipopita, na unga wake ukigandamana pale hadi raba ikapoteza makali. Mpira ulikuwa haubanwi tena, unateleza tu.

Dawa yake waliijua. Mwalimu wao alikuwa amewafundisha: zima, chomoa betri, futa kwa spiriti taratibu, kisha kwaruza kidogo kwa msasa. Robo saa nzima. Lakini mwalimu alikuwa ameitwa mezani kwa waamuzi, na wasichana walikuwa na njia yao ya mkato. Waliwasha magurudumu, wakashika kitambaa chenye spiriti, wakakibandika juu ya raba inayozunguka. Dakika moja, kazi imekwisha.

"Inajifuta yenyewe," alisema mwenzao mmoja, waliyemwita Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo.

Fundi alitazama roho ikiwa juu. Dukani kwao alikuwapo mama mmoja wa makamo aliyekuwa akifuta mkanda wa cherehani ya umeme huku unazunguka. Kitambaa kilivutwa, kidole kikakifuata. Tangu siku hiyo yule mama anashona vifungo tu, tena polepole. Fundi akamsogelea binti na kumsimulia hayo kwa mara ya kumi.

"Mama, hii si cherehani," binti akamjibu kwa sauti ya chini, asitake kuaibishwa.

Chiriku alisikia. Akasema mama wa watu labda hata feni ya nyumbani huizungumzisha kwa mbali. Wakacheka wote, na fundi naye akacheka, cheko la meno tu.

Saa ya chakula walimwachia ulinzi wa roboti. Alikaa peke yake akiyakodolea macho yale magurudumu, ambayo yalikuwa yameanza tena kupata umanjano. Akawaza kwamba yakiwa safi kabisa, hakuna atakayetia mkono pale. Ndani ya mkoba wake hakikosi kichupa cha mafuta ya cherehani. Kwa kazi yake, gundi hutoka kwa mafuta, lami hutoka kwa mafuta, na mashine yoyote iliyonuna hubembelezwa kwa tone la mafuta. Akahakikisha swichi imezimwa, akapaka, akasugua hadi kitambaa kikawa cha manjano na raba nyeusi tititi. Wasichana waliporudi hakusema kitu. Alikuwa amekwisha chekwa mara moja, ilimtosha.

Kabla ya nusu fainali wakajaribu mpira mmoja. Ukadondoka miguuni pa roboti kama udenda wa mtoto. Wa pili vilevile. Zilibaki dakika sita.

Chiriku akasema uchafu umerudi, tena kwa hasira. Binti akaongeza kasi mpaka mwisho. Kitambaa kisije kikamponyoka, akakizungushia vidole vyake mara mbili, akainama.

Fundi akamwona. Onyo la hatari alikwisha litoa asubuhi, likaishia kwenye vicheko. Neno lililobaki lilikuwa lile la kumvua nguo yeye mwenyewe mbele ya watoto.

"Si uchafu," akasema. "Ni mafuta. Nimepaka mimi."

Mkono wa binti ukasimama shubiri moja tu kutoka kwenye raba.

"Mafuta gani?"

"Ya cherehani."

Binti akazima swichi. Wala hakuzima kwa woga; alijua tu kwamba kitambaa kingeyasambaza mafuta, si kuyatoa. Mwalimu alifika akamkuta bado ana kitambaa vidoleni, kimekazwa kama bendeji. Hakuuliza la roboti kwanza. Aliuliza nani aliyewafundisha kufuta hivyo.

Walishuka uwanjani na roboti isiyorusha, wakafungwa vibaya. Mzazi mwenye mtoto fundi na azingatie: kinachozunguka hakifutwi mpaka kizimwe, na chombo usichokijua usikipake kitu kimyakimya, hata kwa mapenzi. Fundi nusura aulete kwa mkono wake msiba alioukimbia.

Ilibaki mechi ya kugombea nafasi ya tatu. Wakayafungua magurudumu, wakayaosha kwa sabuni, wakayafuta kwa spiriti, wakayapiga msasa.

"Ungeniambia palepale," binti akasema bila kumtazama.

"Na wewe ungenisikia asubuhi."

Baadaye Chiriku akaja na betri, akamwekea fundi mapajani. Akasema kuanzia sasa, mtu akitaka kugusa magurudumu, betri ilale kwa mama.

Ilikuwa nzito, ina uvuguvugu. Fundi akaipakata. Binti alikuja kuichukua mara tatu mchana ule, na kila mara fundi hakuitoa mpaka aonyeshwe mikono. Binti aliinyoosha mikono, midomo ikiwa imebinuka: vidole kumi, vyeusi kwa uchafu wa raba.