Mikono ya Terwyn Beynon

Sheria ya kwetu inakataza kuchora ndani ya mahakama, na watu wengi hawalijui hilo. Wanaona picha kwenye taarifa ya habari, mshtakiwa kizimbani, jaji na wigi lake, wanadhani nilikaa pale na chaki zangu nikimchora mtu hivi hivi anavyoonekana. Hapana. Nakaa, natazama, naandika maneno kwenye daftari, halafu natoka mbio hadi chumba cha waandishi na kuchora ninachokumbuka. Napewa dakika arobaini, siku nyingine ishirini. Nimeifanya kazi hiyo hapa Wales, Cardiff na miji ya jirani, kwa miaka thelathini na moja. Watu waliponiuliza siri yake nilikuwa nawaambia ni kumbukumbu, na nilikuwa nalisema kwa majivuno.

Jina langu Eirlys Probert. Ninayetaka kusimulia habari zake hapa ni mtu niliyemkumbuka vizuri kabisa, kisha nikachora mtu mwingine.

Terwyn Beynon alikuwa mfagizi wa klabu ya raga katika mji mmoja wa bondeni, kule kwenye machimbo ya makaa ya mawe yaliyofungwa. Jumamosi moja ya Februari klabu ile iliwaka moto mchana, watu wamejaa wanatazama mechi. Wawili walikufa, mhudumu wa baa na mzee mmoja mstaafu. Siku mbili kabla, Terwyn alikuwa amegombana na mwenyekiti wa klabu mbele za watu, akamwambia klabu yako na iungue. Na mikono yake ilikuwa imeungua hadi kwenye viwiko. Kwa wapelelezi hayo mawili yalitosha. Yeye alisema aliungua akivuta mlango wa nyuma, mlango wa chuma, ili watu watoke. Hakuna aliyetaka kumsikia.

Kesi ilichukua siku kumi na mbili. Siku ya tatu nilitoka nikamchora kama nilivyomwona: mwanamume wa miaka thelathini na minane, mabega yameanguka, macho mekundu, mikono miwili yenye bandeji imelala juu ya ukingo wa kizimba kama vitu visivyo vyake. Nilikuwa namalizia koti la wakili wake pale Clive Garland aliponisimamia mgongoni. Clive alikuwa mhariri wa habari wa kituo cha televisheni nilichokuwa nakichorea. Mara nyingi alipiga simu tu. Siku hiyo alikuja mwenyewe.

"Eirlys, kipenzi, huyu nani?"

"Beynon."

"Huyu si Beynon. Huyu ni shemasi aliyeibiwa baiskeli."

"Ndivyo alivyo, Clive."

"Watu wawili wamekufa. Unataka mjane wa yule mzee awashe televisheni amwone huyu na bandeji zake kama mtoto aliyeanguka mtini? Toa hiyo mikono. Ishushe nyuma ya ubao, isionekane. Na hapo kwenye macho tia kivuli kidogo. Tunaingia hewani baada ya robo saa."

Nikafanya. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na kila jibu ninalolipata ni la aibu. Nilichukua kitambaa nikafuta mikono yote miwili. Nikachukua chaki ya kahawia iliyokoza nikaikandamiza chini ya nyusi, mara moja kila upande, kisha nikaivuta pembe ya mdomo ikashuka. Haikuchukua hata dakika tatu. Shemasi akaondoka, akaja mtu ambaye usingependa kukutana naye kwenye ngazi.

Clive alinipiga begani. "Huyo sasa ndiye mwenyewe."

Kesho yake uso ule ulikuwa kurasa za mbele za magazeti. Wiki iliyofuata vijana wa bondeni walikuwa wameuchapisha kwenye fulana, na neno moja chini yake ambalo siliandiki. Mtu fulani aliupaka kwa rangi nyeusi kwenye mlango wa mama yake Terwyn. Watu kumi na wawili wa baraza la waamuzi walikuwa wameamriwa wasitazame habari. Kama walitii, sijui. Walimkuta na hatia, akafungwa maisha.

Miaka tisa baadaye wakili mpya aliipata ripoti ya fundi wa umeme. Fundi alikuwa amewaonya wakuu wa klabu, mwezi mzima kabla ya moto, kwamba nyaya za jikoni zitawaka siku yoyote. Ripoti hiyo ilikuwa ndani ya jalada la wapelelezi tangu mwanzo. Hakuna aliyeupa upande wa utetezi. Rufaa ikapangwa kusikilizwa hapa Cardiff mbele ya majaji watatu, na Clive akanipigia simu niende, kwa vile "wewe na Beynon mna historia."

Asubuhi ya siku ile nililishusha kutoka rafuni daftari la kesi ya kwanza. Kwa miaka tisa sikuwa nimethubutu kulifungua. Nikalitia mkobani, nikaenda nalo.

Ukumbini, kabla milango haijafunguliwa, mwanamke mmoja mnene mwenye koti la mvua la bluu alinijia moja kwa moja. Sikuhitaji kuambiwa ni nani. Mabega yalikuwa yale yale.

"Wewe ndiye mchoraji?"

"Ndiyo, mama."

"Usiniite mama. Naitwa Nesta Beynon. Napika chakula cha shule, watoto mia mbili kila siku, na kwa miaka minne walikuwa wakinikunjia sura ile kila nikiwapakulia viazi. Sura yako. Unaijua ninayoisema?"

"Naijua."

"Ulikaa siku kumi na mbili hatua sita kutoka kwa kaka yangu. Mimi nilikuwa nyuma yako. Nilikuona ukimtazama, nikasema, angalau kuna mtu mmoja humu anayemtazama. Nikaenda nyumbani nikawasha televisheni." Sauti yake haikupanda. Ingepanda ningeweza kuivumilia. "Niambie, ulikuwa unamtazama nani?"

Nikaanza kumweleza kuhusu sheria, kwamba haturuhusiwi kuchora mle ndani, kwamba tunategemea kumbukumbu.

"Kwa hiyo ulisahau."

Ningeweza kusema ndiyo. Mlango ulikuwa wazi kabisa, wa kutokea. Badala yake nikatoa daftari, nikatafuta siku ya tatu, nikampa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuyaona maneno yale tangu nilipoyaandika. *Mpole. Anatetemeka. Bandeji mikono yote, hadi kiwiko, imelowa upande wa kushoto. Analia bila sauti akitajwa mhudumu wa baa. Hamtazami mtu vibaya.*

Nesta alisoma mara mbili. Kisha akanitazama, na mimi nimetazama watu wengi wenye hasira katika kazi hii, wauaji na wazazi wa waliouawa, lakini sijawahi kutazamwa vile.

"Uliona," alisema. "Shetani we, uliona kila kitu."

Karani akaita, tukaingia.

Haikuchukua muda. Jioni haijafika, jaji wa katikati alisoma kwamba hukumu ile haikuwa salama na imefutwa. Watu waliokuja kumuunga mkono Terwyn wakapiga kelele. Yeye hakupiga. Alikuwa amesimama kizimbani, ana mvi, amenenepa ule unene mbaya wa gerezani, ameshika ukingo kwa mikono yenye makovu yanayong'aa kama nta. Jaji akasema mahakama inamshukuru Bwana Beynon kwa subira yake.

"Sikuwa na subira," Terwyn alisema. "Nilikuwa nimefungwa."

Jaji akainama kwenye makaratasi yake. Mimi niliandika maneno manne, nikatoka.

Nilichora kwa dakika thelathini, na sijawahi kuchora kwa nguvu namna ile. Chaki zilikuwa zinavunjika. Nilianza na mikono. Nikaiweka mbele, mikubwa, kila kovu. Halafu uso, na uso ule ulikuwa umejaa ghadhabu, taya limekazwa, macho yamewakazia majaji wale watatu kama anayewahesabu.

Simu ikalia. Clive.

"Analia?"

"Halii."

"Basi anatabasamu."

"Hatabasamu. Amekasirika."

"Eirlys, kipenzi, ni siku ya furaha. Ameachiwa huru. Watu watakuwa mezani. Nipe chozi moja, hata kama ni dogo. Tutaiweka ile ya zamani kushoto na hii kulia. Zamani na sasa. Itapendeza sana."

"Ile ya zamani ni uongo."

"Ilikuwa picha tu."

"Ulinifutisha mikono ya mtu."

Akasema, kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni njia: "Nilikuambia. Hukukataa. Kitambaa kilikuwa mkononi mwa nani?"

Nikakata simu. Nilitaka kumrushia kitu, na kilichonichoma zaidi ni kwamba pale alikuwa amesema kweli.

Nje kwenye ngazi mvua ilikuwa inanyunya. Mtangazaji wetu, msichana anayeitwa Lowri, alikuwa tayari mbele ya kamera. Ilikuwa kawaida yetu: mimi nashika picha, mpiga picha anaisogelea, Lowri ananiuliza maswali mawili ya adabu, basi. Nikasimama pale nilipozoea kusimama. Kwenye kioo kidogo cha mpiga picha niliona kile kilichokuwa kinakwenda hewani, na kushoto ulikuwepo ule uso wa chaki ya kahawia.

"Eirlys Probert, umemchora Terwyn Beynon mara mbili," alisema Lowri. "Leo ilikuwaje?"

"Leo nimemchora Terwyn Beynon mara ya kwanza," nikasema. "Huyo mnayemwonyesha hapo kushoto hayupo duniani. Nilimtengeneza mimi. Mhariri wangu aliniambia niifute mikono ya huyu bwana kwa sababu ilikuwa na bandeji na ingewatia watu huruma, nami nikaifuta. Haya hapa ndiyo niliyoyaandika siku ile, kwa mkono wangu."

Nikafungua daftari nikasoma. Lowri aliweka kidole sikioni, penye kisikilizio chake cha studio. Niliijua sauti iliyokuwa inampigia kelele humo. Nilidhani ataniondolea kipaza sauti. Akakisogeza karibu na mdomo wangu. Nilifika pale kwenye bandeji iliyolowa ndipo wakatukata na kurudi studio.

Nilipogeuka, Terwyn alikuwa amesimama ngazi tatu juu yangu na dada yake. Walikuwa wametokea mlango wa pembeni. Sijui alikuwa amesikia kiasi gani. Akateremka, akaichukua picha mikononi mwangu bila kuomba, akaitazama kwa muda mrefu, matone yakiidondokea.

"Ndivyo ninavyoonekana?"

"Leo, ndiyo."

"Sawa." Akaitazama tena. "Mle ndani kila mwaka walikuwa wananiambia nilegeze sura. Ukilegeza sura, Beynon, ukakubali kosa, mambo yatakuwa mepesi." Akanirudishia. "Mbona hukusema wakati ule?"

"Niliogopa kupoteza kazi."

"Kazi," akasema. Hakuwa ananidhihaki. Alikuwa kama anayelikumbuka neno. "Mimi pia nilikuwa na kazi."

Nikamwambia nasamehe... hapana, hata kusema nilishindwa kusema sawasawa. Nilitaka kusema nisamehe. Akainua mkono mmoja wenye makovu, kunisimamisha.

"Usiniombe kitu leo, bibi. Leo sina cha kumpa mtu."

Akashuka kwenda kwenye gari. Nesta akabaki. Akaninyooshea kiganja.

"Daftari. Wakili atalitaka."

Nikampa. Akalitia ndani ya koti, akafunga vifungo vyote.

"Umefanya vizuri leo," alisema. "Na usidhani hilo linafuta chochote. Mama yangu aliupaka rangi mlango ule ule kila mwezi kuifunika sura yako, hadi alipokufa." Akaenda zake.

Clive hakufukuzwa. Alieleza kwamba mimi ni mwanamke wa makamo niliyechoka na nimechanganya mambo, na siku ya pili nikapokea barua ya mistari miwili kwamba huduma zangu hazihitajiki tena. Wakili wa Terwyn aliniita nitoe maelezo kwa kiapo, nikatoa, yote, pamoja na suala la kitambaa. Terwyn sijamwona tena. Nasikia anaishi kwa dada yake na hapendi kufungiwa mlango.

Majira yale ya kuchipua nilikaa sakafuni nyumbani kwangu na madaftari yote ya miaka thelathini na moja, nikalinganisha maneno na picha, kesi moja baada ya nyingine. Nilikuwa nimejiambia Beynon ni mmoja tu. Nikawapata wengine wanne. Hawakuwa wote watu wema. Wawili walikiri wenyewe. Lakini kwa kila mmoja kulikuwa na kitu nilichokiona na kukiandika, kisha nikakiondoa kwa sababu mtu alikuwa ananiharakisha na ilikuwa rahisi. Nikawaandikia wote wanne, au jamaa zao, nikawaambia nilichofanya.

Watatu hawakujibu. Kutoka Newport, mji wa jirani, ilikuja bahasha, imeandikwa kwa herufi kubwa za mtu mzee.

"Mwanangu aliua," ilisema. "Najua, alisema mwenyewe. Alikufa gerezani. Picha yako ndiyo watu wanayoikumbuka na mimi naichukia, nakuchukia na wewe. Uso wake haukuwa ule. Kama uliandika ulivyokuwa kweli, nichoree, unitumie."

Nimeanza leo asubuhi. Nimechana karatasi mbili. Ya tatu iko mezani, nina paji la uso na sikio moja, na naendelea.