Karatasi ya Kumi na Saba

Masjala nzima ya mahakama ilimwita karani wao Kimya, maana hata chafya aliimeza. Ila mkono wake ulikuwa na kelele. Kalamu za ofisi zilikuwa butu, haziandiki mpaka uzikandamize, na wenzake walimtania: "Kimya, unaandika au unalima?"

Asubuhi hiyo aliitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Mchomeleaji mmoja alikuwa gerezani mwaka wa nne kwa wizi wa ghala, na maelezo ya mlinzi aliyesema mwizi si yeye yalikuwa yametoweka jaladani. Mama wa mchomeleaji ndiye aliyepeleka malalamiko dhidi ya mwendesha mashtaka wa kesi hiyo. Aliketi nyuma, mkoba mapajani.

Mlangoni mwendesha mashtaka alikuwa amemnong'oneza Kimya, "Binti yangu, sema uliruka namba. Utapewa onyo, yaishe."

Sasa aliyasema hayo hayo waziwazi. "Waheshimiwa, jaladani kuna karatasi ya kumi na sita, kisha kumi na nane. Karani aliruka. Ni mtoto mzuri, ila hesabu na yeye ni mbingu na ardhi."

Wajumbe wawili wakacheka. Mwenyekiti, mwanamke wa miwani minene, hakucheka. "Ni kweli, mwanangu?"

Kimya akageuka nyuma. Akauona mkono wa yule mama ukikaza mkoba.

"Si kweli, mheshimiwa. Kumi na saba ilikuwepo, ndiyo maelezo ya mlinzi. Mwendesha mashtaka aliisoma, akatia sahihi kwamba ameiona. Kwa kalamu yangu."

"Iko wapi?" mwendesha mashtaka akauliza. "Imeota mabawa?"

"Sijui, ila ilipoandikwa na kutiwa sahihi ilikuwa juu ya kumi na sita. Karatasi mpya tunaiweka juu ya ya zamani. Naomba penseli."

Akalaza karatasi ya kumi na sita mezani, akaipaka penseli kwa ubavu, taratibu. Ikachomoza 17, nyeupe. Kisha sahihi yenye mkia mrefu, pacha wa ile iliyokuwa chini ya barua ambayo mwendesha mashtaka aliiandikia kamati kujitetea.

"Hiyo ni mikwaruzo tu," alisema mwendesha mashtaka, akilegeza tai.

"Basi tia nyingine hapa, tulinganishe." Kimya akamsogezea kalamu. "Ila kandamiza, mzee."

Hakuigusa. Mwenyekiti ndiye aliyeichukua, akaandika kwenye karatasi mpya akikandamiza: jalada lirudi kwa majaji leo, mwendesha mashtaka asimamishwe kazi.

Akamkabidhi Kimya ile karatasi. "Ipe namba."